Mkono wa Korosho

Mgongo wa mjukuu wangu ulikuwa umeiva kama bibo la mkorosho. Si bibo la njano, lile la kutafuna njiani ukapoza kiu. Ni lile jekundu lililoanguka lenyewe, ambalo ukilishika tu linatoa maji. Alikuwa amelala kifudifudi mkekani, chumbani kwangu Nyangamara, mikono kaitandaza kama mtu anayeogelea, nami nimechutama ubavuni pake na bakuli la maji ya mtungi. Nachovya kanga, nakamua, naitandaza mgongoni, naitoa. Kila nikiitoa ilikuwa ya moto. Ungedhani naanua nguo kambani.

"Mke mwenza," nilimwita, "geuka basi nikuone uso, nijue kama bado unanizidi uzuri."

Hakujibu.

Naliweka hilo mbele ya yote, maana ndilo lililonitisha kuliko wekundu, kuliko joto, kuliko hata malengelenge yaliyokuja baadaye. Hafsa alikuwa na miaka minane, na hakuwahi kuliacha neno langu lipite bila kulirudisha limechongwa. Kwetu bibi na mjukuu ni watani. Mjukuu wa kike ni mke mwenza. Mnagombea babu mmoja. Babu mwenyewe, Abdulrahmani wangu, alikuwa ameshazikwa miaka mitatu, lakini hilo halikutuzuia. "Umemla peke yako ukaniachia kaburi," ndivyo alivyokuwa akiniambia, mkono kiunoni, mbele za watu. Nami: "Basi kalifyeke hilo kaburi, si umerithi?" Wageni walishika midomo. Sisi tulicheka mpaka tukaegemeana.

Utani ule niliuanza mimi, siku aliyozaliwa. Somoe, mama yake, alijifungua mchana, na mtoto alipotoka wanawake waliokuwamo chumbani wakanyamaza. Alikuwa mweupe, nywele kama sufi iliyopasuka mtini. Kimya kile nilikijua: ni kimya cha watu wanaosubiri kutoka nje ndipo waseme. Nikampokea mtoto, nikamwinua wamwone wote, nikasema, "Haya, mimi basi tena. Mzee kaletewa mke mweupe, nani atanitazama?" Akacheka mmoja, akafuata wa pili, Somoe naye akacheka huku machozi yanamtoka, na mtoto akawa wa nyumbani.

Tangu siku hiyo niliamini mzaha ni dawa. Nimezika mume, nimezika watoto wawili kabla yake, nimeona msimu mzima wa korosho ukiliwa na ubwiriunga, ule ugonjwa wa unga mweupe, maua yakiwa bado machanga, na kote huko nilipita kwa kucheka kwanza na kulia baadaye, nikipata nafasi.

Na ni mzaha huohuo uliombabua mjukuu wangu.

Ilikuwa likizo ya Desemba. Somoe, ambaye ana kiduka chake Mtanda, mjini Lindi, alimleta Hafsa na begi lililopangwa kama la mtu anayekwenda hija: kofia pana mbili, magauni ya mikono mirefu, na chupa ya losheni ya kukinga jua waliyopewa kliniki. Alinielekeza kila kitu mara mbili.

"Mama, kofia asivue hata akienda chooni."

"Nimesikia. Na akiwa chooni nimwekee pazia."

"Mama, mimi sifanyi mzaha."

"Najua. Ndiyo maana naufanya mimi, kwa niaba yako."

Wiki mbili nilifuata masharti. Jumanne ya wiki ya tatu kulipambazuka mawingu, mbingu yote rangi ya maji yaliyooshewa mchele, na sisi tulikuwa tunakwenda kuokota korosho. Hafsa alisimama mlangoni na kofia yake na mikono yake mirefu, jasho limeshaanza kumtiririka shingoni, uso umenuna. Nikamhurumia. Na mimi huruma yangu haina mdomo mwingine zaidi ya huu nilionao.

"Leo jua limevaa baibui, mke mwenza," nikamwambia. "Na wewe vua lako."

Alinitazama kuona kama nasema kweli, akacheka. Ningesema tu, "Nakutania, twende." Lakini mzaha ukishapata kicheko ni mgumu kuurudisha kinywani. Akatupa kofia kitandani, akakimbia ndani, akatoka na gauni lake la Idd lililopita, lile la kamba mabegani, mgongo nusu wazi, anazunguka ili nimsifu. Nikamsifu. Nikachukua chupa ya losheni, nikampaka usoni na mikononi, kidogo kidogo. Ilikuwa imebaki robo, nami nilitaka ifike mpaka siku ya kurudi kwao. Mgongoni sikumpaka. Niliona ni ubadhirifu, siku yenyewe haina jua.

Kuokota korosho ni kazi ya kuinama. Macho yanatazama chini, mgongo ndio unaotazama mbingu. Tuliinama tangu asubuhi mpaka adhuhuri, tunatenganisha korosho na mabibo, tunaimba, tunasemana. Jua lile sikuliona hata mara moja. Lilimwona yeye.

Tuliporudi alikula, akalala. Mimi nikatoka barazani kubangua na jirani yangu Cecilia. Huyu ni Mmakonde, kaolewa hapa Nyangamara miaka mingi, na ni mtani wangu kwa kabila na kwa tabia. Tunakaanga korosho juu ya bati mpaka ziwake moto, tunazizima kwa mchanga, halafu tunakaa na jiwe na kigongo: pasua, toa, tupa ganda. Ganda la korosho lina mafuta meusi makali. Yakimwingia mgeni mkononi, kesho hana ngozi. Sisi tunajipaka jivu, na kwa miaka ile yote viganja vyetu vilikuwa vimeshakuwa vigumu kama soli. Tulikuwa hatuhisi kitu.

Alasiri nikasikia Hafsa analia ndani. Si kilio cha kudeka. Nilipovuta mlango nikamkuta anajikuna begani kwa ncha za vidole, taratibu, kama mtu anayegusa sufuria kujua kama imepoa. Nikanawa mikono kwa maji na sabuni, haraka haraka, nikachota bakuli la maji.

Huko ndiko nilikoanzia hadithi hii.

Leo Hafsa ni msichana wa chuo, ana miaka kumi na minane, na ameniruhusu nisimulie kwa sharti moja: nisijipunguzie kosa. Basi sijipunguzii. Maji ya mtungi yalikuwa yanamsaidia. Nilikuwa naona kabisa, pumzi zake zinashuka, vidole vya miguu vinalegea. Ningeendelea na maji na kanga siku mbili, tatu, yote haya yasingekuwapo. Lakini maji hayana jina la dawa. Nilitaka kitu cha kunuka, cha kutwangwa, kitu ambacho Somoe akiniuliza ulimfanyia nini mwanangu nitakuwa na la kutaja.

Cecilia akaja na dawa ya meno.

"Inapoza hiyo, Mama Somoe. Erasmo wangu alipomwagikiwa chai nilimpaka."

"Na lile kovu lake je?"

"Kovu ni la chai. Si la dawa ya meno."

Hatukupaka. Tukapaka maziwa mgando. Yalimpoza muda wa kuhesabu mia, kisha yakakauka, yakamvuta ngozi, akapiga kelele tukayaosha. Tukaweka tango. Tango lilikuwa jema, ila kila kipande kilipata joto kabla sijamaliza kukata kinachofuata, na tango lilikuwa moja. Jioni nikakumbuka mshubiri wa uani kwangu. Nikavunja majani manne, nikayapasua, nikakwangua ute. Ili usiishe haraka kama tango, nikauchanganya na mafuta ya nazi niliyoyapika mwenyewe. Nikaumimina kiganjani, nikampaka polepole, kutoka shingoni kushuka, kama ninavyompaka siku zote akitoka kuoga.

Alikakamaa.

"Inawasha, bibi."

Hakuniita mke mwenza. Nilisikia, nikajifanya sikusikia.

"Dawa ikiwasha ndiyo inafanya kazi," nikamwambia.

Jumatano mgongo ulikuwa umezidi. Nikasema shubiri ile ilikuwa kidogo. Nikaongeza. Barazani nilikuwa na madebe mawili ya korosho za watu, nimeahidi zitakuwa tayari Ijumaa, kwa hiyo nilikuwa nabangua sikio likiwa mlangoni. Akilalamika naacha jiwe, nasuuza mikono, naingia, napaka, natoka. Alhamisi vivyo hivyo, mara tatu. Alikuwa haketi, halali chali, hali chakula. Gauni halivai. Upepo wa dirishani ukimpita anatetemeka. Nilikuwa nampigia hadithi, namkejeli, namwimbia nyimbo za kuniumbua mwenyewe. Nilimwambia babu yake amenijia ndotoni akamuulizia yeye tu. Kimya. Niligundua kuwa mzaha nao unahitaji mtu wa upande wa pili, kama kutwanga kwa watu wawili. Mmoja akiacha, mwingine anatwanga kinu kitupu.

Alhamisi jioni Somoe akapiga simu.

"Yuko wapi mke mwenzio?"

"Kalala. Kachoka kunisema."

"Mpe basi nimsikie."

"Nimeshakwambia kalala, wewe! Kesho."

Nikakata. Nikabaki na simu mkononi, naitazama, na kwa mara ya kwanza nikajua kuwa naogopa. Siku zote nilikuwa nasema uongo ili watu wacheke. Huu ulikuwa uongo mtupu, bila kicheko ndani yake.

Ijumaa asubuhi mawingu yalikuwa yameondoka yote. Cecilia akaingia kumjulia hali, akasema chumba kina harufu, akafungua dirisha. Mwanga ukaanguka mgongoni kwa mtoto. Cecilia akasimama. Mtani wangu huyu hajawahi kukosa neno. Hata msibani kwa Abdulrahmani alinifanya nicheke, akisema Mmwera hata akifiwa hutafuta wa kumtania. Sasa akanishika mkono kwenye kifundo, akaupeleka juu ya mgongo wa Hafsa, hewani, bila kuugusa, akanitandaza vidole.

Malengelenge yalikuwa yamejipanga mistari. Minne mirefu, inashuka kutoka shingoni. Mmoja mfupi, kwa pembeni. Na pale begani duara pana, ngozi imekuwa nyeusi kama iliyopigwa pasi.

"Mama Somoe," alisema taratibu. "Hivi ni vidole."

Mimi bado sikuelewa. Au nilielewa, nikaomba muda.

"Ulikuwa unabangua kabla ya kumpaka?"

Kwetu hakuna mwanamke asiyejua. Mama zetu walitufundisha kabla hatujajua kusonga ugali: mkono wa korosho haushiki mtoto mchanga. Ukibangua, unakaa siku tatu, unanawa kwa jivu na sabuni na ndimu, ndipo unampakata. Maji matupu hayatoi mafuta ya ganda. Kinachoyatoa ni mafuta mwenzake. Ukishika mafuta ya nazi, yale meusi yaliyojificha kwenye nyufa za kiganja yanayeyuka, yanatoka, yanakwenda unakopeleka mkono. Nilijua yote. Niliwafundisha na wengine. Ila Hafsa alikuwa na miaka minane, na mimi nikamhesabu mtu mzima, nikasahau kuwa ngozi iliyoungua ni ngozi ya mtoto mchanga.

Siku tatu, mara sita au saba, nilikuwa nampaka moto mgongoni na kumwambia unafanya kazi.

Nikainama nimwoshe. Aliona kivuli cha mkono wangu ukutani kabla sijamfikia, akapiga ukelele ambao sijausikia tena kwa kiumbe yeyote.

"Bibi asinishike! Asinishike bibi!"

Nikarudi nyuma mpaka nikagonga kabati. "Mwoshe wewe," nikamwambia Cecilia. Cecilia akanyanyua viganja vyake, akavigeuza, akanionyesha. Vyeusi. Tulikuwa tunabangua pamoja. Tukatazama nje, uani kwa jirani, na kwa jirani wa jirani. Desemba ile, kijiji kizima kilikuwa kinabangua. Wanawake wote hao, wenye huruma wote, waliokuwa wanakuja na dawa zao kila jioni, na hakukuwa na mkono hata mmoja wa kumshika mtoto.

Cecilia alijaribu kujifunga kitambaa. Hafsa akalia vilevile. Ndipo nikachukua kata, ile ya kifuu yenye mpini mrefu ya kuchotea mtungini, nikasimama mbali kama mtu anayemwagilia mche wa mchicha, nikamimina. Maji yakashuka mgongoni, yakaenda sakafuni, yakatoka mlangoni. Nikamimina tena. Mtungi ukaisha, Cecilia akaleta ndoo, ndoo ikaisha, akaleta nyingine. Sijui nilimimina muda gani. Niliacha pale nilipoona anatetemeka, nikadhani ni baridi ya maji, Cecilia akamtazama macho akasema, "Hii si baridi. Ni homa."

Zahanati ilikuwa mwendo wa saa nzima. Alex wa bodaboda alikuja, akachungulia, akavua kofia.

"Bibi, huyu nikimpeleka na jua lote hili si namalizia? Na atakaaje? Nani atamshika asianguke?"

Nani atamshika. Hakukusudia ubaya.

Kungoja jua lishuke tusingeweza. Homa ilikuwa inapanda, na midomo yake imeanza kupasuka. Basi tukatoa shuka langu jeupe, kubwa, tukalilowesha. Wanawake wanne tukashika pembe nne, tukaliinua juu, naye akasimama katikati, kanga kafunga kiunoni, mgongo wazi, akaanza kutembea. Sisi tunafuata hatua zake, akisimama tunasimama. Shuka halimgusi. Hakuna kinachomgusa.

Tulipofika barabarani ndipo nilipoona tunafanana na nini. Kwetu shuka hushikwa pembe nne pale mwanamke anapoteremshwa kaburini. Mzee mmoja akashuka kwenye baiskeli, akaiegemeza kiunoni, akavua kofia yake ya kufuma. Wanawake waliokuwa wanaanika mabibo wakasimama, mmoja wao akaanza, "Inna lillahi…", kisha akaona chini ya shuka nyayo mbili ndogo nyeupe zinatembea vumbini, akanyamaza katikati ya neno. Wengine wakaona, wakanyamaza. Njia nzima ikawa hivyo: watu wanasimama kwa heshima ya maiti, halafu wanaona nyayo.

Nilikuwa nimeshika pembe ya mbele kushoto. Nilitafuta mzaha. Wallahi nilitafuta. Nilifungua kinywa mara tatu nimwambie mke mwenza, tazama, unatembezwa kama bibi harusi, unanitia wivu. Kila mara nikaona duara lile jeusi begani pake, nikafunga kinywa. Mikono yetu ilikufa ganzi. Hakuna aliyesema tubadilishane.

Nesi alikuwa Debora, mwanamke mtaratibu, ambaye mwaka uleule aliwahi kuja kijijini kufundisha jinsi ya kuwatunza watoto wenye ualbino, nami nikakaa nyuma nikichekesha watu. Alivaa glavu. Hafsa alimtazama mikono, akaona ile mipira myeupe, akamwachia mgongo. Nesi akaosha, akatazama, akaniita kando.

"Hili la chini ni jua. Hili la juu ni la nani?"

"Langu."

Hakunifokea. Aliandika, akatoa dawa ya homa na ya kupaka, akarudi kwenye meza. "Maji ya baridi, kivuli, na maji ya kunywa mengi," alisema. "Hivyo vilikuwa vinatosha, mama. Ungemleta tu siku ya kwanza tungemwangalia." Akasogeza simu yangu karibu nami, kwa kidole kimoja. "Sasa mpigie mama yake."

Nilimwambia Somoe yote, nimesimama, nimeutazama ukuta. Alifika alasiri na gari la kukodi lenye vioo vilivyofunikwa kanga. Naye hakunigombeza. Angenigombeza ningejua pa kujibia. Alimpakia mtoto wake siti ya nyuma, kifudifudi, akaja akasimama mbele yangu, akanitazama mikono, akanitazama uso, akasema, "Nitakujulisha," kama anavyomwambia mtu wa kuleta mzigo wa duka.

Nilizungusha mikono yangu ndani ya kanga. Hafsa aliinua kichwa gari lilipoondoka. Hakupunga. Nami sikuthubutu kuutoa mkono nimpungie.

Homa ilishuka siku ya nne. Ngozi ilirudi baada ya miezi. Alama zilibaki.

Kila Ijumaa nilipiga simu, Somoe akampa. "Shikamoo, bibi." "Marahaba, mwanangu. Hujambo?" "Sijambo." Mtoto ana adabu. Watu wangesikia wangenisifu kwa mjukuu mwenye adabu namna ile. Mimi nilikuwa nakata simu nakwenda kukaa jikoni, penye moshi, ili nikiulizwa macho yana nini niwe na jibu.

Desemba iliyofuata hakuja. Na ya pili hakuja. Nilikuwa nimeacha kubangua. Korosho zangu nikaziuza na maganda yake. Wenzangu barazani walinicheka: Mwahija kawa mwari, anatunza mikono. Cecilia peke yake hakucheka. Viganja vilianza kulainika, weusi ukatoka kwenye nyufa, na siku moja nilijigusa shavu nikashtuka, nikadhani nimeguswa na mtu.

Desemba ya tatu Somoe alipiga. "Anataka kuja," alisema. "Kataka mwenyewe."

Alishuka garini na kofia pana kama ungo, miwani, mikono mirefu mpaka vidoleni. Alikuwa na miaka kumi na mmoja, na miguu imemtangulia kukua. "Shikamoo, bibi." "Marahaba." Nikapokea begi. Sikumshika. Siku mbili tulikaa hivyo, tunapishana mlangoni, tunapeana vyombo kwa kuviweka chini kwanza. Chupa ya losheni aliiweka dirishani, na asubuhi nilikuwa namwona anajipaka mwenyewe, anajipinda, anajinyoosha, kile kipande cha katikati hakifiki.

Siku ya tatu kulipambazuka mawingu. Nilikuwa nafunga kanga niende shambani peke yangu, akatoka uani na kofia kichwani na chupa mkononi. Akavuta kigoda, akaketi akinipa mgongo, akafungua vifungo vya nyuma vya gauni. Alama zilikuwepo. Zimefifia, lakini mwenye mkono anaujua mkono wake: minne mirefu, mmoja mfupi.

Akainua chupa juu ya bega, bila kugeuka.

Nilisimama. Mikono ilikuwa ndani ya kanga, ikakataa kutoka.

"Nawa kwanza, mke mwenza," alisema.

Nilidhani nimesikia vibaya. "Nimeshanawa," nikasema.

"Nawa tena. Mimi nakujua wewe. Ulitaka kunibabua mgongo ili mzee akutazame peke yako."

Nilikwenda nyuma ya nyumba, kwenye mtungi. Nikachota kwa kata ileile. Nikanawa kwa sabuni, nikanawa kwa jivu, nikakata ndimu nikajisugua katikati ya vidole na chini ya kucha, nikarudia sabuni. Maji yalikuwa yanatoka meupe tangu mara ya kwanza. Niliendelea.

"Mbona hujibu?" alipaza sauti kutoka uani. "Au leo umeshindwa?"

"Nanawa," nikamwambia.